Aliyemfia Kila Jioni

Kila jioni mwanamume aliyempenda alimfia Vatsala Upasani mapajani, na siku za Jumapili alimfia mara mbili. Alikwisha kuzoea. Alijua amshike wapi kichwa ili taa zisimchome macho, alijua pumzi ya mwisho itaanzia wapi, na alijua kwamba pazia likishashuka marehemu atafumbua jicho moja amuulize kama chai imebaki.

Lakini alasiri hiyo ya Jumatano, mjini Sangli, kabla ya onyesho la wanawake watupu, akiwa mbele ya kioo akijichora makunyanzi, kunyanzi la paji la uso lilimwendea kombo. Akalifuta kwa pamba, akaanza upya. Nyuma yake, kwenye kiti cha chuma, alikaa mama yake mzazi. Mlangoni, juu ya stuli, alikaa kaka yake, Dinkar. Walikuwa wamefika kwa basi kutoka Pune mchana ule, bila kualikwa, wakiwa na kapu la chakula na nyuso za msibani.

Chumba kilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilikuwa na nondo.

Makunyanzi yalikuwa ya penseli. Vatsala alikuwa na miaka thelathini na mitano, na ngozi yake ilikuwa laini kama ya msichana aliyetoka kuoga. Aliingia katika kundi la maigizo la Mzee Khanvilkar akiwa bado binti, akapewa nafasi ya rafiki wa bibi harusi: aingie, acheke, aimbe ubeti mmoja, atoke. Kisha kule Nashik mwigizaji aliyecheza mama mjane akashikwa na homa ya matumbo, na tiketi zilikuwa zimeshauzwa zote. Mzee Khanvilkar akamtupia Vatsala sari nyeupe na wigi la mvi.

"Vaa," alimwambia. "Leo tu."

Leo hiyo haikuisha. Ukumbi mzima ulilia, wanaume wakipenga makamasi na kusingizia mafua, na tangu siku ile hakuna aliyemwona tena kuwa msichana. Watengeneza filamu wa Bombay wakaja, nao wakamtaka awe mama: mama wa polisi, mama wa jambazi, mama wa polisi na jambazi katika filamu moja. Alimzaa nyota mmoja mwenye kitambi aliyemzidi umri kwa mbali, ambaye kamera ikizimwa alimwita "binti yangu". Nyumbani Pune muuza maziwa alimwita Mama. Dereva wa bajaji alimwita Mama. Daktari wa meno, mtu mwenye wajukuu, alimwambia, "Panua kinywa, Mama."

Katika dunia nzima mtu mmoja tu ndiye aliyemwita kwa jina lake kana kwamba ni jina la mwanamke. Naye ndiye aliyecheza mwanawe.

Sadanand Thorat alimzidi miaka minne. Alikuwa na mwili mwembamba wa kijana na pua iliyowahi kuvunjika, na kwa sababu ya pua hiyo sinema haikumpa kamwe nafasi ya shujaa. Alicheza wezi, makarani, mashemeji walevi, zile sura ambazo watu huzikumbuka na majina yake huyasahau. Jukwaani alikuwa mwana mkorofi: sehemu ya kwanza anamtukana mama yake, ya pili anamfukuza nyumbani, ya tatu anarudi mgonjwa kufa mapajani pake. Kule Satara mwanamke mmoja alipanda jukwaani akamchapa kandambili ya kisogo katikati ya matusi. Sadanand alivumilia, akamalizia mstari wake, na watu wakampigia makofi yule mwanamke.

Mwaka uliotangulia basi la kundi liliwaharibikia njia ya Ratnagiri. Wenzao walilala. Wao wawili walikaa ukingoni mwa barabara wakigawana pera lililopakwa chumvi na pilipili, na Sadanand, bila kumtazama, akasema, "Vatsala, nimechoka kukufia. Nataka kuishi na wewe."

Alicheka. Kisha akagundua kwamba analia, na kwamba ni machozi ambayo hakuna aliyeyalipia tiketi.

"Ngoja niseme na nyumbani," alimjibu.

Alingoja mwaka mzima ndipo akapata ujasiri wa kusema na nyumbani, juma lililopita. Na sasa nyumbani ndiko huku, kumekaa nyuma yake kwenye kiti cha chuma.

"Kula kwanza," mama yake alisema, akifungua kopo la mikate ya mtama na chatne ya karanga. "Umekonda."

"Nikimaliza, Mama."

"Ukimaliza, ukimaliza. Huyo naye anakula vizuri? Nasikia kwao ni watu wa kula nyama."

"Mama, kama una neno la kusema juu ya Sadanand, liseme."

"Mimi sina neno." Mama alifunga kopo. "Nimewahi kukukataza kuolewa? Dinkar, nimewahi kumkataza?"

"Hata siku moja," alisema Dinkar.

"Nilichosema ni kwamba si huyu."

"Yule mwalimu wa Kolhapur ulisema si huyu," alisema Vatsala, akimtazama mama yake kiooni. "Yule mgane mwenye duka la vitambaa ulisema si huyu. Yule mhandisi ulisema mama yake ana jicho baya."

"Alikuwa nalo! Dinkar, hakuwa nalo?"

"Kila mtu alilijua jicho la mama yule," alisema Dinkar. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyevaa saa ambayo Vatsala alimnunulia. Yeye ndiye aliyepanga tarehe zake za filamu, aliyepokea simu zake, aliyejibu kwa niaba yake. Hakuwa na kazi nyingine. Mke wake na watoto wake, na mama yao, na ile nyumba ya ghorofa, wote walining'inia kwenye sari nyeupe ya Vatsala. "Tatizo si mtu, Vatsala. Tatizo ni kwamba ni mwanao."

"Si mwanangu, Kaka."

"Mimi najua. Mama anajua. Nenda uwaambie wale huko nje!" Alinyoosha kidole kuelekea ukumbini, ambako wanawake walikuwa wameanza kuingia kwa vishindo vya bangili na vilio vya watoto. "Wamekua wakikuona ukilia juu ya maiti yake. Kuna wanaoweka picha yako karibu na miungu yao, wewe na yeye, mama na mwana. Halafu wasome gazetini kwamba mama na mwana wamevishana taji za maua ya ndoa? Watatapika, Vatsala. Watatupiga mawe madirishani. Binti yangu nani atamwoa?"

"Binti yako ana miaka saba."

"Watu hawasahau."

Mlango ukagongwa, akaingia Mzee Khanvilkar mwenyewe, mwenye kundi, amevaa kofia nyeupe na kunukia ubani wa ibada ya ufunguzi. Aliwasalimia mama na Dinkar kwa viganja vilivyoshikana, kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha Vatsala kama anavyobariki mtoto.

"Nimesikia," alisema. "Wala sijakasirika. Sadanand ni mtu mzuri. Wewe ni kama binti yangu. Pendaneni! Nani amewakataza kupendana? Ninachoomba ni msubiri mchezo huu umalizike."

"Utamalizika lini, Mzee?"

"Watu wakiacha kulia."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mkulima anayeeleza mvua. Kengele ya kwanza ikalia. Vatsala akavaa wigi, akajifunika ncha ya sari kichwani. Alipopita mlangoni, Dinkar alisimama akamfuata nyuma hadi pembeni mwa jukwaa. Sadanand alikuwa upande wa pili, ng'ambo, baina ya kamba na mapazia. Alimtazama kwa muda mrefu. Alitaka kusema kitu, akafungua mdomo, akauona mwili mpana wa Dinkar nyuma ya bega la Vatsala, akaufunga.

Sehemu ya kwanza ikapita. Sehemu ya pili ikapita. Wakati wa mapumziko Dinkar alimletea chai mwenyewe, akasimama mpaka akaimaliza, akaondoka na kikombe.

Kwa hiyo mahali pekee walipoweza kuzungumza palikuwa mbele ya watu wote.

Sadanand aliingia sehemu ya tatu akiyumba, akaanguka pale anapoanguka siku zote. Vatsala akamkimbilia, akakiweka kichwa chake mapajani, akainamisha uso hadi ncha ya sari ikawafunika wote wawili.

"Mwanangu!" alilia kwa sauti ya ukumbi mzima. "Nani amekufanya hivi, mwanangu?"

Chini ya sari Sadanand alinong'ona bila kusogeza midomo, kama wajuavyo waigizaji wa zamani. "Naondoka leo."

"Unakwenda wapi?" aliuliza, naye akinong'ona, huku akimpangusa jasho.

"Mama, nisamehe," alisema Sadanand kwa sauti ya kufa, na wanawake wa safu ya mbele wakaanza kupenga. Kisha chini chini: "Nagpur. Redioni. Wamenipa kazi ya michezo ya kuigiza. Nilimwambia Mzee tangu juma lililopita, akasema atakueleza mwenyewe. Hakukuambia?"

Vatsala alimpangusa tena jasho mahali palepale. Alikumbuka kile kiganja juu ya kichwa chake, na ubani. *Msubiri mchezo umalizike.* Mzee alijua. Alikuwa akimfungia mlango ambao Sadanand amekwisha kuutoka.

"Nimekusamehe, mwanangu, nimekusamehe kabla hujazaliwa!" alilia. "Na mimi je, Sadanand?"

"Kuna nafasi yako. Redioni hawaoni uso, Vatsala. Niliwaigizia sauti yako, wakadhani ni msichana. Wanataka ucheze bibi harusi wa miaka kumi na minane."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Akakigeuza kikawa kwikwi, akaificha midomo kwa mkono, na ukumbi ukapasuka kwa kilio.

"Treni inapita Miraj saa moja," Sadanand alinong'ona. "Ukitoka hapa moja kwa moja unaiwahi."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Kaka yuko mlangoni. Mama amekuja. Kila mtu yuko mlangoni."

"Mama, naona giza!" aliugulia kwa sauti. Chini akasema, "Kaka yako si ukuta."

"Humjui. Ukimsukuma hakusukumi. Anakaa tu. Wote wanakaa tu, Sadanand, wananitazama nile."

"Basi sikiliza. Nimekuita mwaka mzima, sitakuita tena. Sina hasira. Nitakaa kwenye behewa, nitakuwekea nafasi pembeni yangu. Wakija watu nitasema ina mwenyewe. Mpaka treni iondoke nitasema ina mwenyewe."

"Na ikishaondoka?"

Mstari wake ulikuwa umefika, akafa.

Vatsala alibaki amekishika kichwa. Alikuwa na maneno ya kuomboleza aliyoandikiwa, maneno mazuri, aliyoyasema usiku na mchana kwa miaka. Halikuja hata moja.

"Usiende!" alipiga ukelele. "Usiniache na watu hawa! Mimi sijaishi bado! Unasikia? Sijaishi!"

Kisha kilio kikaanzia nyuma kabisa, kikaja mbele kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mwanamke mmoja aliita, "Jamani, mama wa watu!" Pembeni mwa jukwaa Mzee Khanvilkar aliyafuta macho yake, akamgusa msaidizi wake bega. "Hayo maneno yaandikwe," alisema. "Tutayabakisha."

Pazia likashuka. Marehemu hakuuliza chai. Aliinuka, akasimama mbele yake, akaliondoa vumbi lililokuwa begani mwa sari nyeupe kwa ncha za vidole, akaenda zake.

Chumbani ilikuwa kama siku zote baada ya onyesho la wanawake. Walijaa kwenye ujia, wakingoja kumgusa miguu. Dinkar, mwenye uzoefu, alikuwa amerudi kwenye stuli yake mlangoni akiwaingiza wachache wachache.

Wakainama. Wakamgusa miguu. Bibi mmoja mwenye mvi za kweli alimgusa miguu. Mwingine akamwekea kichanga mapajani, kikiwa na joto na kunuka maziwa, akasema, "Mbariki, Mama, awe na moyo kama wako." Vatsala akambariki. Mikono yake ilijua la kufanya. Ilibariki, ilipangusa machozi ya wageni, na yeye mwenyewe alikuwa mbali, akisikiliza saa ya Dinkar ikigonga katika kifundo cha mkono wake, ingawa ni wazi kwamba kwa makelele yale hakuna aliyeweza kuisikia.

"Nafasi hii ina mwenyewe," alimsikia Sadanand, kichwani mwake, akimwambia mtu.

Akamrudishia yule mwanamke kichanga chake. Akavua wigi.

"Kaka," alisema. "Natoka."

"Bajaji itakuja saa mbili. Ule kwanza."

"Nakwenda Miraj. Treni ya Nagpur inapita."

Dinkar hakupaza sauti. Aliwafungia mlango wanawake walio nje, taratibu, akauegemea kwa mgongo. "Vatsala," alisema. "Usitufanyie hivi."

"Nimewafanyia nini?"

"Bado hujatufanyia. Ndiyo maana nasema usitufanyie."

Hapo ndipo mama yao aliposhika kifua. Akatoa mlio mdogo, akateleza kutoka kwenye kiti cha chuma hadi sakafuni, sari yake ikikaa vizuri miguuni, kichwa kikitua juu ya kapu la nguo badala ya saruji.

"Mama!" Dinkar alipiga kelele. "Unaona? Unaona ulichofanya?"

Vatsala alipiga magoti. Alikuwa amezimia mara nyingi katika maisha yake, jukwaani na mbele ya kamera, kwa habari za vita, za mafuriko, za mwana kufungwa jela. Alimtazama mama yake kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Aliliona kope la kushoto likicheza, limeachwa wazi kidogo, linachungulia.

Angeweza kukasirika. Lakini alichokiona katika upenyo ule mwembamba hakikuwa ujanja peke yake. Mama yake alikuwa anaogopa. Alikuwa mzee aliyezoea kukaa katika nyumba moja na binti yake, na hakujua kuomba kwa njia nyingine.

Akamwinamia sikioni.

"Mama," alisema kwa upole, "moyo uko upande wa kushoto."

Mkono wa mama yake ukasita. Kisha, polepole, ukahama kutoka kulia kwenda kushoto.

"Nitakuja kukuona," alisema Vatsala. "Sijakufa. Fedha nitaleta, na mimi mwenyewe nitakuja. Nitakuja na mume wangu, nawe utampikia mboga, atakula, maana anakula kila kitu." Akambusu kwenye paji la uso, akaacha alama ya rangi ya penseli.

Mama hakufumbua macho. "Chukua mikate," alisema, akiwa bado amezimia.

Dinkar alibaki ameuegemea mlango. "Mimi sitoki hapa," alisema, na machozi yalimlenga kweli. "Ukitaka kupita, nipige."

Hakumpiga. Hakuwa mtu wa kumpiga mtu. Alisimama mbele yake, kopo la mikate mkononi, akamwona jinsi alivyokuwa mpana, na akajua kwamba wangeweza kusimama hivyo mpaka treni ipite, na nyingine, na nyingine, mpaka makunyanzi ya penseli yawe ya ngozi.

Kisha akainua sauti, ile sauti iliyofika safu ya mwisho bila kipaza sauti.

"Wanangu!" aliita. "Mama anataka kutoka!"

Mlango ulisukumwa kutoka nje kwa nguvu za wanawake wa Sangli wote. "Mpisheni Mama! Nani kamfungia Mama? Wewe mnene, ondoka!" Dinkar akabanwa baina ya mlango na ukuta, kofia ikamtoka, na Vatsala akapita katikati ya mikono. Walimgusa miguu akitembea. Walimgusa sari, viwiko, kopo. Kandambili moja ikabaki kwa mtu, na ya pili akaiacha mwenyewe. Barabarani akapanda bajaji peku.

"Miraj, stesheni," alisema. "Na uendeshe kama mwizi."

Dereva akageuka, akamtambua. "Sawa, Mama."

Treni ilikuwa imesimama. Alikimbia kando ya mabehewa akichungulia dirisha baada ya dirisha, na katika moja akamwona Sadanand amekaa wima, mkono umelazwa juu ya kiti kitupu pembeni yake, akimwambia abiria aliyesimama, "Samahani, bwana. Ina mwenyewe." Sauti ilikuwa imemkauka. Ilionekana ameisema mara nyingi.

"Nimekuja," alisema Vatsala kutoka mlangoni.

Sadanand alisimama. Alimtazama miguu peku, sari nyeupe, nywele nyeusi zilizomwagika, akamtazama tena kuanzia mwanzo. Filimbi ikalia, treni ikajivuta.

Ndipo kelele ilipotokea kutoka kiti cha mbele yao.

"Jamani! Si Mama huyu? Na huyu si mwana? Baba Chinu, tazama, hajafa!"

Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, amevaa sari ya kijani na mkufu wa ndoa wa shanga nyeusi, ana mume mwenye gazeti na binti mdogo. Kabla Vatsala hajakaa, yule mwanamke alikwisha kumgusa miguu. "Tumekuona Kolhapur, Mama, nililia siku mbili, muulize huyu. We kijana, sogea! Mwache mama yako ajinyooshe, mtu mzima huyu. Kakae kule kwenye sanduku. Mama, kunywa maji. Mama, mbona peku?"

Sadanand akajikuta amekaa juu ya sanduku la bati, mbali, baina ya magunia. Alimtazama Vatsala juu ya vichwa vya watu. Nafasi aliyomwekea pembeni yake ilikuwa imechukuliwa na kapu la vitunguu.

Vatsala alikaa. Mtoto akawekwa mapajani pake. Kikombe kikawekwa mkononi mwake. Alitabasamu. Alihisi lile jambo la kila siku likimfunga tena, kwa upendo, kamba baada ya kamba, na safari ilikuwa ndefu, na Nagpur nako kungekuwa na watu.

Mtoto alikuwa akimtazama usoni. Akanyoosha kidole, akakipitisha kwenye paji la uso lililolowa jasho. Akakiangalia kidole. Kilikuwa cheusi.

"Mama," alimwambia mama yake kwa mshangao, "bibi anafutika."

Mume alishusha gazeti. Vatsala angeweza kucheka, kusema ni rangi ya jukwaani tu, wanangu, na wote wangecheka. Alifungua kinywa kusema hivyo.

"Yule si mwanangu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, si ya jukwaani. "Ananizidi umri. Ni mchumba wangu. Tunakwenda kuoana."

Mume alikunja gazeti mara moja, mara mbili. "Aibu gani hii," alisema, akalikunjua akajificha nyuma yake. Mwanamke wa sari ya kijani alinyoosha mikono, akamchukua mtoto wake kutoka mapajani mwa Vatsala bila kumtazama.

Sadanand alisimama kutoka kwenye sanduku. Akaja, akaondoa kapu la vitunguu, akakaa pembeni yake. Wote walitazama nafasi ya kidole kimoja iliyobaki kati ya mabega yao.

"Tuhame behewa?" alinong'ona.

"Hapana," alisema Vatsala. Mapaja yake yalikuwa baridi pale alipokuwa amekaa mtoto. "Nimechoka kuhama. Watutazame."

Wakatazamwa. Mashamba ya miwa yalipita dirishani, mwanga ukiyatoka. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda, si wao, si wale. Magurudumu yaligonga, na mkono wa Sadanand ukautafuta wa Vatsala, ukaushika, mbele ya watu.

Mwishowe yule mwanamke akajikohoza.

"Una miaka mingapi?" aliuliza. Sauti ilikuwa kali.

"Thelathini na mitano."

"Muongo."

"Thelathini na mitano, mwezi wa Shravan uliopita."

Mwanamke alimkagua: shingo, mikono, mstari wa nywele. Alihesabu kitu kimoyomoyo. Uso wake ulipitiwa na mambo mengi, na la mwisho lilimfanya afunike kinywa kwa kiganja.

"Mimi nina thelathini na tisa," alisema. "Na nimekugusa miguu!"

Nyuma ya gazeti mume alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Basi we mdogo wangu kabisa," alisema mwanamke. Akalowesha ncha ya sari yake ya kijani kwa maji ya chupa, akasogea mbele hadi magoti yao yakagusana, akamshika kidevu. "Lete uso hapa, mdogo wangu. Hebu tukuone."